FREDERICK DOUGLASS, MTU ALIYETAFUTA SIKU YA KUZALIWA KWAKE



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa wa zamani, leo tunawaletea habari za Frederick Douglass, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mtumwa na kufa mzee mwenye heshima. Wengi wamesikia jina lake kwa sababu ya kazi aliyoifanya ili utumwa uondolewe. Lakini kuna upande mwingine wa maisha yake ambao hautajwi sana. Tangu utoto hadi uzee, mtu huyu alikuwa akitafuta kujua amezaliwa lini, na baba yake ni nani. Hayo ndiyo tutakayoeleza kwa urefu. Mengine tutayapita haraka.

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo mengi. Karibu kila familia ina mzee ambaye kwenye karatasi zake kumeandikwa mwaka tu, bila siku wala mwezi, na mwaka wenyewe ulikisiwa na karani aliyemtazama usoni. Ukimuuliza mzee huyo, atakujibu kwamba alizaliwa wakati wa njaa fulani, au mwaka ule barabara ilipofika kijijini. Tena katika Maandiko, kitabu cha Ezra na kile cha Nehemia vinatupa habari ya wana wa makuhani waliorudi kutoka uhamisho wa Babeli. Walitafuta majina yao katika orodha ya nasaba, wasiyaone, wakazuiwa kazi ya ukuhani. Walijua wao ni nani, ila karatasi haikuwajua. Frederick naye aliishi na shida ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka sabini.

Alizaliwa katika jimbo la Maryland, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, karibu na kijito kiitwacho Tuckahoe, wilaya ya Talbot. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa refu: Frederick Augustus Washington Bailey. Mama yake aliitwa Harriet Bailey. Bwana wao alikuwa Kapiteni Aaron Anthony, ambaye mwenyewe hakuwa tajiri mkubwa. Alikuwa kapita mkuu wa Kanali Edward Lloyd, mwenye mashamba mengi na watumwa kwa mamia. Anthony alikuwa na mashamba yake madogo na watumwa wake, na hao Wabailey walikuwa mali yake, kwani mke wake, wa ukoo wa Skinner, alikuja nao alipoolewa.

Mtoto hakulelewa na mama. Harriet alikodishwa kwa mashamba ya mbali, na watoto wake wakaachwa kwa nkambo yao mwanamke, Betsey Bailey, katika nyumba ndogo ya miti na udongo. Mume wa Betsey, Isaac, alikuwa mtu huru, kazi yake kupasua mbao. Betsey alikuwa mtumwa, lakini alisifiwa katika nchi ile yote. Alijua kuzalisha na kulea, alisuka nyavu za kuvulia samaki, na watu walimwita wakati wa kupanda viazi vitamu kwa kuwa waliamini mkono wake una baraka. Frederick alisema baadaye kwamba siku zile hakujua hata kidogo kuwa yeye ni mtumwa. Alijua tu kwamba kuna mtu anayeitwa Bwana Mzee, na kwamba watoto wakikua kidogo wanapelekwa kwake.

Siku yake ilifika mwaka 1824, alipokuwa na miaka sita. Nkambo alimshika mkono wakatembea kilomita karibu 19, mara nyingine akimbeba mgongoni, hadi kwenye shamba kubwa la Lloyd. Hapo alionyeshwa kaka yake Perry na dada zake Sarah na Eliza. Aliambiwa acheze nao. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini hawakuwa wamezoeana, na neno ndugu halikuwa na maana kwake bado. Alipogeuka, nkambo alikuwa ameondoka kimya kimya. Alijitupa chini akalia. Hakuna aliyemweleza kitu.

Katika nyumba ya Anthony jikoni alitawala mwanamke aitwaye Katy, mtumwa kama wengine, mkali sana, aliyewanyima watoto wengine chakula na kuwashibisha wa kwake. Siku moja alimnyima Frederick chakula tangu asubuhi. Usiku, mtoto akiwa anachoma punje chache za mahindi alizoiba, mama yake aliingia. Harriet alikuwa ametembea zile kilomita baada ya kazi ya mchana, naye alipaswa kurudi kabla ya jua, kwani asiyeonekana shambani alfajiri alipigwa. Aliposikia habari ile alimkaripia Katy vikali, akampakata mtoto, akampa keki ya tangawizi. Frederick aliandika kwamba usiku ule alijiona mkubwa kuliko mfalme juu ya kiti chake, kwa sababu alijua kuwa ni mtoto wa mtu. Alilala. Alipoamka mama hakuwepo, na hakumbuki kumwona tena baada ya hapo. Muda si mrefu Harriet aliugua akafa. Mtoto hakuruhusiwa kumwona katika ugonjwa wala kufika mazikoni, na alikiri kwamba habari za kifo zilimfikia karibu kama habari za mtu asiyemjua.

Baadaye aliambiwa jambo lililomshangaza: Harriet alijua kusoma. Katika watumwa wote wa Tuckahoe alikuwa yeye peke yake. Alijifunza wapi, kwa nani? Hakuna aliyeweza kusema. Frederick alipokuwa mtu mzima na kusifiwa kwa akili yake, wako wazungu waliodhani ametoa akili hiyo kwa baba mzungu. Yeye aliwajibu kwamba kama ana kipaji cha maneno, amekipata kwa mama yake mweusi.

Sura ya mama huyo hakuwa na picha yake. Lakini akiwa mkubwa alifungua kitabu cha mwanachuoni Mwingereza, Prichard, juu ya makabila ya wanadamu, na katika ukurasa wa 157 aliona mchoro wa kichwa kimoja uliomgusa moyo, kwa jinsi ulivyofanana na mama yake. Alizoea kurudi kuutazama, kama wengine wanavyotazama picha ya wazazi waliokufa. Waliochunguza wametambua kwamba mchoro ule ni wa Rameses, mfalme wa Misri ya kale. Ni uso wa mwanamume, na ni mfalme wa Afrika! Mwaka 1887, mzee tayari, Douglass alifika Misri kwa miguu yake mwenyewe.

Juu ya baba, mambo yalikuwa ya kunong'ona tu. Watu wa shambani walisema kwamba baba ni mzungu, na wengine kwamba ni bwana mwenyewe. Katika kitabu chake cha kwanza juu ya maisha yake, mwaka 1845, Frederick aliandika wazi kwamba baba alikuwa mzungu, na kwamba minong'ono ilimtaja bwana wake. Katika kitabu cha pili, mwaka 1855, alilegeza maneno: baba alikuwa mzungu au karibu kuwa mzungu. Katika cha tatu, mwaka 1881, alisema tu kwamba juu ya baba hajui lolote. Msomaji anaweza kufikiri kwamba alizidi kusahau. Sisi tunaona kinyume chake: kadiri alivyozidi kuwa mtu mkubwa, ndivyo alivyokataa kuandika kama ukweli jambo ambalo hakuwa na ushahidi wake.

Tena sheria ya nchi haikuwa na haja na baba. Mtoto wa mtumwa alifuata hali ya mama. Kama mama ni mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba anakaa juu ya kiti katika nyumba kubwa. Kwa hiyo bwana aliyezaa na mtumwa wake alijiongezea mali. Ndiyo sababu hakuna aliyeandika jina la baba. Halikubadili hesabu.

Mwanzoni mwa mwaka 1826 Frederick alipelekwa mji wa Baltimore, kwa Hugh Auld na mke wake Sophia. Hugh alikuwa ndugu wa Thomas Auld, mkwe wa Kapiteni Anthony. Huko Sophia alianza kumfundisha herufi, mpaka mume akamkataza, akieleza kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto alisikia, na maneno yale yakamwonyesha njia. Alichukua mikate mfukoni akawapa watoto wa kizungu maskini wa njiani, nao wakamlipa kwa kumfundisha kusoma.

Kulikuwa katika mji huo mzee mmoja mweusi, Lawson, mvuta mikokoteni, mtu wa maombi asubuhi na jioni. Hakusoma vizuri. Kijana alimsaidia herufi ngumu za Biblia, na mzee akamfundisha kuomba. Mzee Lawson alimwambia kwamba Mungu amemwekea kazi kubwa ulimwenguni, na kwamba ajitayarishe kwa kusoma Maandiko. Kijana aliuliza itawezekanaje, naye ni mtumwa wa maisha. Mzee alimjibu kwamba amwombe Bwana uhuru kwa imani, naye atapewa. Bwana Hugh alitishia kumpiga akizidi kwenda kwa mzee huyo. Alikwenda tu.

Kapiteni Anthony alikufa mwishoni mwa mwaka 1826, na mwaka uliofuata mali yake ikagawanywa. Frederick, mtoto wa miaka tisa, alirudishwa shambani ili ahesabiwe. Watu na farasi, wazee na nguruwe, wote walipangwa pamoja wakaguliwe na kutiwa bei. Frederick aliangukia fungu la Thomas Auld. Nkambo Betsey aliangukia fungu la mwana wa Anthony. Hesabu ile ilikuwa uovu mkubwa, na hata hivyo, wasomaji, shikeni neno hili, maana tutalirudia: hesabu ile iliandikwa.

Mambo yaliyofuata yanajulikana, tuyapite. Alirudishwa Baltimore, kisha mwaka 1833 akaitwa na Thomas Auld, ambaye alikuwa ameokoka katika mkutano wa injili lakini akavunja darasa la Jumapili ambalo Frederick alifundisha watumwa kusoma Agano Jipya. Mwaka 1834 alikodishwa kwa Edward Covey, mvunja watumwa, akapigwa miezi sita, hadi siku ile ya mwezi wa nane alipokataa kupigwa tena, wakapigana karibu saa mbili nzima. Covey hakumgusa tena. Tarehe 3 Septemba 1838 alitoroka Baltimore kwa gari la moshi, amevaa nguo za baharia, na karatasi za mtu mwingine mfukoni. Anna Murray, mwanamke mweusi huru, alimsaidia kwa fedha zake, akamfuata New York, wakafunga ndoa mwezi huohuo.

Hapo ndipo jina lilipobadilika. Mtoro hawezi kubaki na jina ambalo bwana wake analitangaza katika magazeti. Frederick alijiita Johnson. Lakini walipofika mji wa New Bedford walikuta Johnson wamejaa, hata mwenye nyumba aliyewapokea, Nathan Johnson, ni mmoja wao. Mwenyeji huyo alikuwa akisoma kitabu cha mashairi cha Walter Scott wa Uskoti, chenye shujaa aitwaye Douglas, akapendekeza jina hilo. Mgeni alikubali, ila aliomba jambo moja: jina Frederick lisiguswe, maana alihitaji kubaki na kitu cha kumkumbusha yeye ni nani. Basi wajukuu wa Douglass waliorithi jina lake walibeba jina lililotoka katika kitabu cha hadithi ya nchi ambayo babu yao hakuwa amefika. Anayetafuta akina Douglass weusi wa Tuckahoe hataona kitu. Lazima atafute Bailey.

Katika mji huo alipewa ruhusa ya kuhubiri katika kanisa la Wamethodisti weusi, la Zion. Mwaka 1841 alianza kusimama mbele ya mikutano ya wapinga utumwa. Watu walimsikiliza wakasema mtu anayesema hivi hawezi kuwa ametoka utumwani. Ndiyo maana alitoa kitabu cha mwaka 1845 na kutaja majina yote: Anthony, Auld, Covey, Tuckahoe. Ilikuwa hatari, kwani alijitambulisha kwa mwenye mali yake, ikabidi aende Uingereza na Ireland. Marafiki wa huko walichanga pauni 150, karibu dola 711, na mwezi wa kumi na mbili 1846 akafunguliwa kwa karatasi ya sheria. Alirudi, akaanzisha gazeti lake mjini Rochester mwaka 1847. Wakati wa vita alionana na Rais Lincoln. Wana wake wawili, Lewis na Charles, waliingia jeshini.

Lakini turudi kwenye jambo letu. Frederick alieleza kwamba katika utoto aliona huzuni kubwa kwa kuwa watoto wa kizungu waliweza kutaja umri wao, na yeye hakuweza, wala hakuruhusiwa kumuuliza bwana. Siku alijichagulia mwenyewe, tarehe 14 Februari, kwa ajili ya kumbukumbu ya jina la mapenzi ambalo mama yake alimwita, na tarehe hiyo ni siku ya Mtakatifu Valentino. Mwaka je? Hapo alipiga hesabu. Alikumbuka kwamba alipokuwa akitoka shambani kwenda Baltimore, Lucretia, mke wa Thomas Auld, alimwambia kuwa ana miaka minane, anakwenda tisa. Alikumbuka pia kwamba mwaka aliofika, merikebu kubwa ya kivita ilikuwa ikijengwa karibu na nyumba, kwa ajili ya serikali moja ya Amerika ya Kusini. Merikebu hiyo aliiweka mwaka 1825. Basi akatoa nane, akapata 1817.

Vita vilipoelekea mwisho, na watumwa wa Maryland walipofunguliwa mwaka 1864, ndugu walianza kutafutana. Dada yake Eliza, ambaye zamani mume wake alikuwa amemnunua kutoka kwa Auld, alisafiri hadi Baltimore kumwona baada ya miaka karibu thelathini. Mwaka 1867 Perry alifika Rochester na watoto wake. Perry alikuwa amekwenda mpaka Texas kumtafuta mke wake aliyeuzwa huko. Frederick aliwajengea nyumba ndogo kwenye kiwanja chake. Alisema kukutana huko hakuwezi kuelezwa. Perry hakujua kusoma, na alizungumza kama mtu ambaye mjeledi ulimkalia muda mrefu, na jambo hili lilimuumiza ndugu yake kuliko alivyotaka kuonyesha.

Kabla ya hapo, mwaka 1859, kulitokea jambo la ajabu. Alikuwa Philadelphia, akasikia kwamba Amanda, binti wa Thomas Auld na Lucretia, ameolewa katika mji huo. Lucretia alikufa mwaka 1827, binti akiwa mtoto mchanga. Frederick alikwenda nyumbani kwao, na katika chumba kilichojaa wanawake aliweza kumtambua Amanda mara moja, kwa sababu alifanana na mama yake. Tulitazame jambo hili vizuri. Binti wa bwana hakuwa na kumbukumbu ya uso wa mama yake, na mtumwa wa zamani alikuwa nayo. Naye mtumwa hakuwa na tarehe ya kuzaliwa kwake, na nyumba ya bwana ilikuwa nayo.

Mwezi wa sita 1877 alirudi St. Michaels, safari hii kama ofisa mkuu wa serikali katika mji wa Washington, akaitwa kwa Thomas Auld aliyelala mgonjwa, mwenye kupooza. Mzee alimwita kwa cheo. Frederick alimwambia amwite Frederick kama zamani. Walishikana mikono wakalia. Magazeti mengine ya watu weusi yalimlaumu kwa ziara hiyo, na lawama hiyo tunaielewa. Lakini alikuwa na maswali mawili ambayo hakuna mwingine aliyebaki wa kuyajibu.

La kwanza lilihusu nkambo. Katika kitabu cha 1845 alikuwa ameandika kwamba Betsey alitupwa porini afe peke yake, na katika barua aliyoitoa hadharani mwaka 1848 alimshtaki Auld kwa hilo. Mzee alieleza kwamba Betsey hakuwa mali yake, bali wa shemeji yake, na kwamba baada ya kujua hali yake alimchukua akamtunza nyumbani kwake. Douglass alikuwa amekwisha kupata habari hiyo, na mwaka 1849 alisahihisha maneno yake hadharani. Mbele ya kitanda alikubali tena kwamba alikosea juu ya nkambo. Juu ya utumwa wenyewe hakurudisha neno hata moja.

Swali la pili lilikuwa umri wake. Auld alimwambia kwamba hakumbuki siku, ila anafikiri ni mwezi wa pili 1818. Frederick alisikia, akaandika jibu hilo katika kitabu chake cha 1881. Lakini mwanzoni mwa kitabu hichohicho aliacha 1817, kwa sababu aliamini zaidi hesabu ya merikebu.

Mwaka 1878 alikwenda Tuckahoe kwenyewe, kutafuta mahali ilipokuwa nyumba ya Betsey. Nyumba haikuwepo. Aliitambua ardhi kwa bonde na kwa mti wa zamani, akachota udongo kwa mkono wake akauchukua mpaka nyumbani kwake, Cedar Hill, juu ya kilima cha Washington. Mwaka 1881 alifika pia kwenye shamba la Lloyd, akapokelewa vizuri, akatembezwa makaburini. Katika mwaka huo aliteuliwa mwandikishaji wa hati za ardhi na mali katika Washington, yaani mtunzaji wa mabuku ya watu wengine. Karatasi zake mwenyewe, pamoja na mkusanyo wa magazeti yake ya miaka mingi, zilikuwa zimeungua nyumba yake ya Rochester ilipowaka moto mwaka 1872.

Hata hakuchoka. Mwaka 1894, afya ikiwa imepungua, alipanda gari la moshi kwenda Baltimore kumtembelea daktari mmoja, Thomas Sears, wa uzao wa Thomas Auld, kumuuliza kama katika familia kuna anayejua zaidi juu ya miaka ile. Tarehe 20 Februari 1895 alihudhuria mkutano wa kutetea haki za wanawake, akarudi nyumbani jioni, akaanguka akafa, siku sita baada ya siku aliyojichagulia.

Buku lilikuwepo muda wote. Kapiteni Anthony, kama kapita yeyote mwenye bidii, alikuwa na daftari la hesabu, na ndani yake aliorodhesha watumwa wake, majina yao, mama zao, na wakati waliozaliwa. Mwandishi wa magazeti Dickson Preston, mkaaji wa upande ule wa Maryland, alipekua karatasi za wilaya, hesabu za mirathi na daftari hilo, akatoa kitabu mwaka 1980. Katika daftari, mstari mmoja unataja Frederick Augustus, mtoto wa Harriet, mwezi wa pili 1818. Siku haikuandikwa. Pia uchunguzi ulionyesha kwamba safari ya Baltimore ilikuwa mwaka 1826, wala si 1825. Toa nane katika 1826. Lucretia alisema kweli, na Auld alisema kweli. Merikebu tu ndiyo iliyopotoa hesabu kwa mwaka mmoja.

Tena orodha hizo zilifungua mlango ambao Frederick hakuwahi kuota. Betsey alizaliwa mwaka 1774, na mama yake, Jenny, mwaka 1745. Nyuma zaidi, katika orodha ya mali ya ukoo wa Skinner, anaonekana mwanamume aitwaye Baly, na wachunguzi wanafikiri kwamba huenda jina Bailey limetoka kwake. Kumbe mtu aliyedhani hana nasaba alikuwa na watu wake katika wilaya ile tangu siku ambazo Marekani haijawa nchi. Familia nyingi za mabwana hazikuweza kuhesabu hivyo.

Juu ya baba daftari limenyamaza. Wachunguzi wanamtaja Anthony, wengine wanamtaja Thomas Auld, na hakuna karatasi iliyokwisha kuamua. Mkono ulioandika mstari ule huenda ulikuwa mkono wa baba mwenyewe, na huenda haukuwa.

Katika orodha hiyohiyo yumo Harriet. Alizaliwa mwezi wa pili 1792. Wanawe wako chini yake: Perry, Sarah, Eliza, Frederick, na wadogo zao. Katika orodha iliyofanywa baada ya Anthony kufa, jina lake halimo tena. Kwa hesabu hiyo tunajua sasa jambo ambalo mwanawe hakulijua: usiku ule aliokuja na keki ya tangawizi, mama huyo alikuwa bado kijana, wa miaka 32 au 33.